Chuma cha Juu Kabisa

Mtu mmoja alikuwa na miguu iliyosifiwa. Jina lake Mwinjuma, mgema wa minazi. Tangu ujana wake alipanda bila kamba wala mkanda, kwa nyayo na viganja tu, akashuka na tembo lake bila kumwaga tone. Watu walimsifu mpaka akaamini kwamba kuanguka ni kwa wengine. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La huyu lilibaki safi. Maji aliyatia kichwani mwake mwenyewe.

Karibu na minazi yake palikuwa na kiwanda cha mkonge chenye dohani ya matofali, bomba la moshi refu kuliko mti wowote aliowahi kupanda. Kileleni mkuyu ulikuwa umeota, na mizizi yake ilipasua ukuta. Mwenye kiwanda akamwita Mwinjuma akaukate, akampa na kamba. Mkewe, Mwanaidi, akamsihi aifunge kiunoni. Mwinjuma akaitupa chini, akasema kamba ni ya mbuzi.

Alipanda kwa vyuma vilivyojengewa ukutani kama ngazi. Akaukata mkuyu, akainua panga, watu wakashangilia. Lakini mizizi ilikuwa imekwisha kuila chokaa. Alipoanza kushuka, chuma alichokikanyaga kiling'oka kama jino bovu, na cha chini yake kikafuata. Akabaki amekumbatia chuma cha juu kabisa, vidole vya miguu vikiwa kwenye ukingo wa tofali. Pale juu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mwinjuma aliogopa.

Chini watu wakajaa. Wale ambao hawajawahi kupanda hata dari ya nyumba zao wakawa walimu wa kupanda. Mmoja alimpigia kelele asitazame chini, mwingine akamwambia atazame, wa tatu akamlaumu kwa kuikataa kamba, kana kwamba lawama ni ngazi. Mwanaidi hakumlaumu. Alikimbilia ofisi ya kiwanda, akaomba simu, akawaita zimamoto.

Wakaja. Ngazi ya gari lao ikanyooshwa mpaka mwisho wake, ikaishia katikati ya dohani. Hapo ndipo askari mmoja, Senkoro, alipojifunga kamba kiunoni akaendelea peke yake. Vyuma vilivyokuwa imara alivipanda. Vilipokwisha, akapigilia vyake kati ya matofali, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alijifunga nacho kabla ya kukikanyaga. Upepo ulimyumbisha, naye akangoja utulie, akapigilia tena. Walimu wa kupanda wakawa wanafunzi.

Akamfikia Mwinjuma, akamvika mkanda, akaufunga kwenye mkanda wake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya kazi yao: anayeokoa na anayeokolewa hushuka kwa kamba moja. Ikabaki mikono tu. Mwinjuma hakuweza kukiachia kile chuma. Kilikuwa kimekwisha kulegea, vumbi la chokaa likimwangukia usoni, naye alizidi kukikumbatia, kwa sababu ndicho kilichomshikilia tangu asubuhi. Na kama kingeng'oka ghafla yeye akining'inia kwacho, mshtuko ungewabandua wote wawili ukutani.

Senkoro hakumgombeza. Alisogeza uso wake karibu na wa yule mgema, akamwambia, "Achia, mzee wangu. Kamba hii ilifungwa kiunoni kwangu kabla ya kufungwa kwako. Ukianguka wewe, nimeanguka mimi."

Mwinjuma akamtazama. Akalia, mtu mzima yule. Kisha akaachia kidole kimoja kimoja, akaiegemea kamba, nayo ikamshika.

Hawajafika mbali, chuma kile kikatoka ukutani chenyewe. Kikapita kando yao kikigonga matofali mpaka chini, na hapakuwa na mtu aliyening'inia juu yake. Hapo vigelegele vikapasuka. Dereva wa zimamoto akapiga king'ora kwa furaha tu, na wawili hao walipofika chini, wafanyakazi wa kiwanda wakambeba Senkoro mabegani, wakamzungusha dohani nzima wakiimba. Mwanaidi akamvua mumewe mkanda kwa mikono yake, akicheka huku machozi yanamtoka.

Tangu siku ile Mwinjuma hupanda minazi amejifunga kamba, na mtu akiisifu miguu yake, yeye huonyesha kiuno.

Nawe unayenisikiliza, aliyepanda kukufuata ameshajifunga nawe, na chuma ulichokikumbatia kinatoa vumbi. Mikono yako inangoja nini?