Chipu ya Miguu Minane

Karakana ya Fundi Bado ilikuwa chumba kimoja chenye meza iliyojaa makovu ya moto na redio zilizofumuliwa matumbo. Majirani walimpa jina hilo kwa kuwa kila mteja aliyefuata redio yake aliambiwa, "Bado kidogo." Hakuwa mvivu, la hasha! Kazi iliyo nzuri tu haikumtosha. Alitaka isiyo na doa.

Mama yake, aliyekuwa mjane, alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini. Sasa sikio la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, na la kulia lilisikia kwa mbali, kama mtu aliyezama majini.

"Nimeunganisha watu maisha yangu yote," alitania, "leo laini yangu mwenyewe ndiyo imekatika."

Kila Jumapili bintiye aliyeolewa ng'ambo alipiga simu, naye mama alijibu kwa kubahatisha. Akiulizwa hali yake, alieleza habari za mvua.

Fundi akaamua kumtengenezea kifaa cha kukuza sauti. Moyo wa kifaa hicho ulikuwa chipu yenye miguu minane, inayopenyezwa kwenye matundu ya ubao na kuchomewa kwa chini. Alianza na ya kawaida iliyokuwa kwenye droo. Jumamosi asubuhi alimvika mama spika sikioni, akanong'ona, "Mama."

Mama aliduwaa. Machozi yakamlengalenga. "Sema tena, mwanangu."

"Umenisikia, mama?"

"Kama zamani! Kesho nitamsikia mdogo wako."

Lakini fundi alipojivika mwenyewe, nyuma ya sauti alisikia mchakacho mwembamba, kama mchanga unaochekechwa.

"Bado, mama. Nipe wiki moja nitafute chipu bora."

"Huo mchakacho haunisumbui hata chembe. Niachie hivi hivi, baba."

"Mama yangu havai kitu cha ovyo."

Akaing'oa chipu ile. Miguu miwili ikakatika, akaitupa.

Wiki ikazaa miezi. Chipu ya kwanza aliyoagiza ilikuja bapa, ndogo kama punje ya mchele, haina miguu ya kupenya tunduni. Ya pili ilisifiwa kwa utulivu, lakini ilidai umeme ambao betri mbili ndogo za kifaa hazikuwa nao. Ya tatu aliikataa dukani kwa kusoma karatasi yake tu. Kila Jumapili simu ililia, mama akamtazama mwanawe, naye akatikisa kichwa.

Hatimaye alichoka, akarudi kwa muuza vipuri. "Basi nipe ile ya kawaida."

"Ya kawaida? Walimu wa chuo wamezizoa zote," alisema muuzaji. "Imebaki hii. Kwa sura ni ile ile, ila siidhamini."

Mgongo wa chipu hiyo uling'aa kupita kiasi, kama wa bandia, na maandishi yalifutika kwa kidole. Fundi akaichukua hivyo hivyo. Alipoichomea kwenye ubao, kifaa kilivuma kama nyuki ndani ya chupa, kisha kikanyamaza jii.

Kabla hajapata nyingine, mama alishikwa na homa kali. Alilazwa siku tisa. Alipopata nafuu, daktari alimwita fundi pembeni. "Homa imeua mshipa wa sikio la kulia. Hata sauti ikuzwe namna gani, hataisikia tena."

Jumapili iliyofuata simu ililia. Fundi alimwekea mama sikioni. Mama alisikiliza kwa muda mrefu, uso umetulia, akingoja.

"Mama! Mama, unanisikia?" binti aliita, hata fundi akaisikia sauti hiyo kutoka alikosimama.

Mama akamgeukia mwanawe, akauliza taratibu, "Ameshakata?"

Fundi alipiga magoti akamlalia mapajani, akilia kwa kwikwi. Mama alimpapasa kichwa, asijue mwanawe anasema nini. Na alilokuwa akilirudia fundi ni kwamba nazi aliikamata mkononi, akaitupa; kweli, mchagua nazi hupata koroma.