Mama Aliyeogopa Kisu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja ambaye kanisani kwao kila mgonjwa alipelekwa kwake aombewe. Alikuwa na kipawa hicho. Akikuwekea mkono kichwani, hata kama homa haikushuka, uliondoka pale moyo umetulia.

Siku moja tumbo lake mwenyewe likaanza kuuma. Alikunywa dawa za kawaida, hazikusaidia. Akapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha, akakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Daktari akamwita yeye na mumewe, akawaambia bila kuzunguka kwamba ana uvimbe kwenye utumbo, ni saratani, na lazima apasuliwe upesi. Mume akauliza kama akipasuliwa atapona. Daktari akasema hawezi kujua mpaka wafungue.

Habari zikafika kanisani. Wanawake wenzake wakaja kwa wingi, wakaimba, wakaukemea ule ugonjwa, wakamkataza hata kuutaja. Kila aliyeingia alimwambia atamke kwamba amepona. Naye alitamka. Aliitikia amina, akawashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni. Walipoondoka alijilaza, akageukia ukutani.

Mumewe akamkuta hivyo, akamuuliza kama ameomba.

“Siwezi,” akasema. “Nikifumba macho naona kisu. Naogopa, Baba Subilaga. Naogopa kufa.”

Mume naye hofu ilikuwa imemjaa. Akamjibu haraka, “Usiseme hivyo, Mungu anakusikia.”

“Sasa kama Mungu hatakiwi kusikia, nimwambie nani?”

Yule mwanamume akamfunika shuka, akazima taa. Wewe ungemjibu nini?

Asubuhi ya upasuaji mchungaji wao akafika wodini, akaanza kushukuru kwa sauti kubwa kwa uponyaji ambao hakuna aliyeuona. Mama akamshika mkono, akamwomba anyamaze kidogo. Kisha akaomba mwenyewe, mara ya kwanza tangu apewe yale majibu.

“Bwana, sina imani leo. Nimeitafuta, sijaiona. Sitaki kufa. Hata sijui kama uko hapa. Ila sina mwingine wa kumwambia.”

Hakumalizia kwa amina. Wauguzi wakaja, wakamsukuma na kitanda chake.

Mnangoja niseme alipona? Hakupona. Walifungua, wakakuta ugonjwa umesambaa, wakamshona. Akarudi nyumbani. Wale wanawake walikuja tena mara moja, wakitarajia ushuhuda. Hakuwa nao. Wakaacha kuja, na wengine wakanong’ona kwamba imani yake ilikuwa haba. Mama yule alikufa huku mumewe akimlowanisha midomo kwa kitambaa. Na siku zote zile, hata alipokuwa hawezi kumeza tena, mumewe alimsikia akimlalamikia Mungu kwa sauti ndogo, akinyamaza, akianza tena.

Sasa niambieni, ndugu zangu, nani hapo alikuwa na imani? Ni sisi? Maana wale wanawake ni sisi, na mchungaji yule ni mimi. Sisi tunaotangaza uponyaji, halafu usipokuja tunamkimbia mgonjwa? Au ni yule mama, ambaye hakuona kitu, hakupewa kitu, na bado hakuacha kusema na Mungu?

Yupo mmoja wetu humu ndani anayelazwa wiki hii. Ameniruhusu niseme. Dada yangu, siwezi kukuahidi kwamba utarudi mzima, kwa sababu sijui, na sitasimama hapa nikajifanya najua. Ogopa. Lia. Mweleze Mungu yote, hata yale unayoona aibu kuyasema kanisani. Akiwa Mungu kweli, atayabeba.

Na sisi wengine, tukienda kumwona, tuvute kiti tukae. Akitaka kulia, tumwache alie, na tusiangalie saa.