Jibu la Binti Digidigi

Paukwa!

— Pakawa!

Ninayo moja, niitoe?

— Itoe, masikio tumeyaleta!

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika walikuwa na shule moja, ng'ambo ya mto. Kila mwaka walichanga majani, wakamsomesha mtoto mmoja aliyewashinda wenzake kwa akili. Mmoja tu.

Mwaka huo Mzee Digidigi alikuwa amefiwa na mkewe. Digidigi huishi wawili wawili; sasa amebaki yeye na bintiye, Sikudhani. Ada hakuwa nayo. Binti asipochaguliwa, masomo yamekwisha.

Mtihani ulikuwa huu: onyesheni chemchemi tatu zisizokauka.

Mwana wa Pundamilia akachora chini kwa kwato. Akapata moja.

Mwana wa Nyani, aliyefundishwa na Kasuku wa kulipwa, akapanda juu ya jiwe. Akataja tatu bila kuvuta pumzi.

Sikudhani akaingia kichakani. Kila baada ya hatua chache aligusisha ncha ya kijiti cha kichaka kwenye pembe ya jicho, ikabaki na tone jeusi la ute utokao hapo. Ndivyo digidigi wanavyoandikiana. Akarudi jua likiwa utosini.

Mwenyekiti Kiboko akatazama vile vijiti. "Maskini, analia. Mama yake kafa juzi. Mpeni pole arudi nyumbani. Nafasi apewe Mwana wa Nyani."

"Silii, Mzee. Nimejibu."

"Umejibu wapi? Mbona sijasikia kitu?"

Baba Nyani akacheka. "Siku hizi machozi nayo yanapewa maksi?"

Mzee Digidigi akasogea mbele. "Mwenyekiti, msiba tunao. Lakini tumeuacha nyumbani. Hapa mwanangu ameleta kazi. Isomeni kwanza, ndipo mkatae."

Kobe, msimamizi wa pili, akasema, "Kichwa changu kiko usawa wa vijiti. Nifuateni."

Wakafuata matone. Chemchemi ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Ya tatu hata Kiboko hakuwa anaijua. Maji.

Wakaenda na kwenye zile za Mwana wa Nyani. Ya kwanza, maji. Ya pili, tope. Ya tatu, vumbi.

"Mbona hivi?" Kiboko akauliza.

Mtoto akainamisha kichwa. "Sijawahi kufika huku, Babu. Kasuku alinikaririsha majibu ya mwaka jana."

"Usijali," Sikudhani akamwambia. "Kesho nitakuonyesha njia."

Kiboko akamgeukia msimamizi mwenzake. "Kobe, digidigi wangapi nimewahi kuwapa pole na kuwarudisha?"

"Wawili, Mwenyekiti. Mwaka juzi na mwaka jana."

Hakuna aliyecheka.

"Waiteni," Kiboko akasema. "Majibu yao tutayasoma upya. Na nafasi ya mwaka huu ni ya Sikudhani."

Mzee Digidigi akamsindikiza bintiye hadi mtoni. Alisimama pale mpaka alipomwona amefika ng'ambo, kisha akarudi nyumbani peke yake.

Enyi mnaonisikiliza: mkipewa kazi ya kumchagua mtoto wa kusomeshwa, msimhurumie kabla hamjasoma jibu lake. Anachowadai ni haki. Na kama hamjui kuyasoma maandishi yake, kosa ni lenu, si lake.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka akalale.