Pilipili Manga Iliyozaa Mapapai

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaozana na kupikiana pilau, hakuna aliyelijua jiko la arusi kama Bi Digidigi. Alikuwa mdogo hata mwiko ulimzidi kimo, na akitaka kukoroga ilibidi apande juu ya kinu. Lakini shughuli isiyo na mkono wake haikuitwa shughuli.

Wote walinunua viungo kwa Bwana Ngiri, mwenye duka pale njia panda. Basi Bi Tembo akamwoza binti yake wa kwanza. Sahani zikapita, wageni wakatafuna, wakatazamana. Pilau haikunukia wala haikuwasha, ila ilibakiza uchungu kwenye ulimi.

Bwana Ngiri akawahi kusema kwamba viungo vyake ni safi, mkono wa mpishi ndio uliozeeka. Bi Tembo, kwa aibu aliyoipata mbele ya wakwe, akampokonya Bi Digidigi mwiko na kumwambia kuwa arusi ya binti wa pili atapika mwingine.

Bi Digidigi alilia njia nzima, maana upishi ndio uliokuwa jina lake. Alipofika nyumbani akaimwaga kwenye ungo pilipili manga iliyobaki, akaanza kuichambua. Punje chache zilikuwa ngumu na nzito. Nyingi, akizipuliza, puu, zinaruka. Akaibana moja kwa jino, akanusa, akaijua. Zilikuwa mbegu za papai, zimeanikwa juani mpaka zikanyauka.

Angekwenda kupiga kelele, nani angemsikiliza mpishi aliyepokonywa mwiko? Akafuta machozi, kisha akacheka peke yake.

Kesho yake, duka lilipojaa wateja, akaingia na kuamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Bwana Ngiri. Nimekuja kukuomba radhi. Pilipili yako nzuri mno. Niruhusu niipande hapa mlangoni pako, wapitao walione shina lake."

Ngiri akawaza haraka. Akikataa, watu watauliza kwa nini. Na mbegu zile alizianika mwenyewe zikakauka kama changarawe, zitaota wapi? Zisipoota, lawama ni ya mpishi tena.

"Panda," akasema, amejitutumua kifua. "Tena naapa mbele ya hawa wote, kitakachoota hapo ndicho ninachouza."

"Mmemsikia, jamani?" akauliza Bi Digidigi. Wateja wakaitikia kwamba wamesikia.

Mvua zikanyesha, miche ikachomoza, majani yakatanuka. Ngiri alitamani kuing'oa, lakini kila mpita njia alisimama kuitazama. Ikabidi aseme kwamba pilipili ya ng'ambo ndivyo ilivyo. Na kila asubuhi Bi Digidigi alipita, akaimwagilia maji, akampongeza.

Mwaka ukapita, siku ya kutwanga viungo vya arusi ya pili ikawadia. Bi Tembo akaja dukani na akina mama wenzake, wakakuta mti umebeba mapapai, moja limeiva. Akanyoosha mkonga, akalichuma, akalipasua. Mbegu nyeusi zikamwagika, pwata, mbele ya mlango. Akachota na pilipili ya kwenye gunia, akaziweka pamoja.

"Bwana Ngiri," akauliza taratibu, "hii ndiyo pilipili yako?"

Ngiri akafungua kinywa. Akisema ndiyo, amekiri. Akisema siyo, kiapo chake kimesikiwa na wote. Akatoka mbio, mkia juu, na hadi leo ngiri hukimbia vivyo hivyo.

Bi Tembo akaurudisha mwiko kwa mikono miwili na kuomba radhi. Bi Digidigi akapanda juu ya kinu chake, akapika kwa punje za kweli alizozichambua guniani. Wakwe walipiga chafya, wakafuta machozi, wakaomba kuongezwa. Baada ya pilau wakaletewa mapapai ya Ngiri, matamu kweli.

Ndiyo hivyo, wanangu: mwongo anayejiamini msimzibe mdomo, mwacheni aape mbele za watu.