Mazishi ya Majembe

Paukwa!
Pakawa!
Mvukuto upo?
Upo. Vukuta, tusikie.

Hapo zamani za kale palikuwa na mhunzi, jina lake Kasanda. Alichimba mawe ya chuma mlimani, akavukuta moto kwa mvukuto, akayayeyusha, akafua majembe ya kijiji kizima. Na kijiji hicho kilikuwa na desturi yake: jembe likivunjika, limekufa. Hurudishwa kwa aliyelizaa, nyuma ya nyumba ya Kasanda. Huchimbiwa kaburi, huliliwa, hufukiwa, kisha watu hula ugali wakarudi kwao. Msicheke. Nanyi mna yenu.

Mwaka mmoja mawingu yalikwisha kutanda, jembe la Nyamizi, mke wa Kasanda, likavunjika.

"Baba Shija," akasema, "mvua hiyo. Mbegu ninazo, jembe sina. Watoto watakula nini?"

Kasanda akalizika jembe, akajifuta machozi, akachukua mtaimbo, akapanda mlimani. Akachimba huku: udongo. Akachimba kule: udongo. Akachimba bondeni: udongo na mjusi.

Akakaa chini, kichwa kinamzunguka. Chuma alichoachiwa na babu yake, mhunzi kama yeye, kimekwenda wapi? Kimeibwa? Kimehama? Akamuuliza mjusi. Mjusi angejuaje, jamani?

Akapita Sungura. Mtu akichanganyikiwa, Sungura hakosi kupita.

"Shikamoo, mhunzi."

"Marahaba. Mlima wangu umekwisha, na sikuuona ukiisha."

"Upo mwingine. Nipe karanga nikupeleke. Lakini huo hautaki kuonwa, nitakufunga macho."

Kasanda akampa karanga alizobeba, Sungura akamfunga kitambaa. Wakapanda, wakashuka, wakazunguka. Wakapanda, wakashuka, wakazunguka. Kasanda akasikia jogoo anawika. Mlimani kuna jogoo? Akasikia mwanamke anatwanga, anakohoa kama Nyamizi. Akazidi kupotea.

"Chimba hapa," akasema Sungura.

Mtaimbo ukagonga chuma. Kasanda akapapasa. Kipana, chembamba, kimevunjika ncha.

"Sungura, mbona mlima huu unazaa majembe?"

"Papasa tena."

Akapapasa tena. Kidole kikakuta mikato mitatu, alama ya babu yake. Akavua kitambaa. Mbele yake ukuta wa nyumba yake, na Nyamizi kasimama na mchi mkononi.

"Baba Shija, unafukua makaburi?"

Aibu ilimshika Kasanda, na furaha ikamshika hapo hapo.

"Mke wangu, mlima haukuibwa. Tumeuhamisha wenyewe, jembe kwa jembe, tukaufukia hapa."

"Mlima hauzai, mhunzi," akasema Sungura, "lakini chuma hakifi. Mmekilia bure." Akabeba karanga zake akaenda.

Moto ukawashwa, makaburi yakafukuliwa, majembe yakafuliwa upya. Nyamizi akapanda mbegu kabla ya mvua, na watoto wakala.

Lakini desturi ni ngumu kuiacha. Hadi leo jembe likivunjika watu humjia Kasanda wakilia, naye hajui afanye lipi, alie au avukute. Basi hulia huku anavukuta.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, nendeni nayo. Ikivunjika njiani msiizike. Irudisheni, niifue upya.