Amri ya Jumbe Makungu

Jumbe Makungu alikaa siku sita hajapata choo. Kwa hasira akatia kufuli vyoo vyote vya mji, hata cha kwake.

"Hakuna atakayenitangulia!" alisema.

Watu wakawa wanatembea wamebana magoti. Bi Somoe, msuka mikeka, akamwendea barazani.

"Jumbe, nasikia kuna mtu anakwenda porini kwa siri."

"Nani huyo?"

"Mtafute mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Ila funguo hizo kiunoni mwako zinalia, atakusikia. Niachie mimi nizitunze."

Jumbe, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kitini, akamwachia funguo, akazunguka mji kwa miguu. Kila nyumba ikamkaribisha kwa maji na papai, naye kwa adabu ya mgeni hakuweza kukataa. Siku mbili hakumkamata mtu. Siku ya tatu alisimama ghafla, akashika tumbo, kisha akatimua mbio kanzu mkononi.

Akamkuta Bi Somoe mlangoni pa choo chake, anasuka.

"Funguo!"

"Lakini Jumbe, amri bado ipo."

"Naifuta!"

"Majirani hawajasikia."

"NAIFUTA LEO NA MILELE!"

Jumbe akanyakua shada lote la funguo, akajifungia ndani. Baada ya kitambo akauliza kwa sauti ya raha, "Somoe, nani alikuwa anakwenda porini?"

"Hakuna, Jumbe. Nilitaka utembee, unywe maji na ule mapapai. Sasa tusukumie funguo zetu chini ya mlango, mji mzima umepanga foleni."