Swichi ya Ukange

"Swichi ya jana haikati umeme wa leo." Mmelisikia neno hili kikaoni, mkacheka, mkauliza lilianzia wapi. Lilianzia Ukange, kwenye miinuko ya baridi, na halikuanza kwa kicheko.

Ukange ilikuwa na mtambo mmoja mdogo wa umeme wa maji, uliosaidiwa na jenereta ya dizeli. Yusta Mbilinyi, mwenyekiti wa kamati ya umeme, aliichukia jenereta ile. Moshi wake uliingia hadi wodi ya wazazi, na dizeli ilipokwisha, wakunga walizalisha kwa tochi. Alihangaika huku na huko mpaka ikapatikana mitambo miwili mipya ya maji. Watu wakaanza kumwita Mama Mwanga, nalo jina likamkaa vizuri.

Kabla ya kuiunganisha, mhandisi Luoga aliikagua swichi kuu, akatikisa kichwa.

"Bado, mama. Waya ukianguka, umeme wa mitambo yote hukimbilia hapo kwa mkupuo mmoja, na swichi hii ndiyo ya kuukata. Ilitengenezwa kwa nguvu ya mtambo mmoja. Mkiunganisha yote mitatu, itashindwa. Subirini mpya, imeshaagizwa."

"Hadi lini?"

"Labda baada ya masika."

"Na wanawake wazae gizani masika yote? Swichi hii haijawahi kutuangusha."

"Haijawahi kukutana na nguvu hii."

Luoga aliposafiri, Yusta alimwendea kaka yake Gaudensi, mwangalizi wa kibanda cha swichi.

"Yusta, mhandisi amekataza," alisema Gaudensi.

"Kaka, mwenyekiti ni mimi. Unganisha. Lawama nitabeba mimi."

Gaudensi akaunganisha. Jenereta ikanyamaza, wodi ikawaka taa, vigelegele vikapigwa. Yusta akatembea kifua mbele, akijiambia kwamba Luoga alikuwa mwoga tu.

Mchana mmoja upepo uliangusha mkaratusi juu ya waya. Nguvu ya mitambo yote mitatu ikamiminika kwa pamoja. Swichi ikajaribu kuikata, ikashindwa, ikapasuka, na Gaudensi alikuwa amesimama mbele yake. Yusta alisikia mlipuko akiwa sokoni. Alipofika mbio, walikuwa wameshamtoa kaka yake nje na kumfunika kitenge.

Matangani aliketi karibu na wifi yake, Evelina.

"Wifi," alinong'ona mwishowe, "swichi ile ilituhudumia miaka yote. Nani angejua?"

Evelina hakulia. Alimgeukia, akasema kwa sauti iliyofika kila mkeka:

"Swichi ya jana haikati umeme wa leo. Mhandisi alikwambia. Mume wangu naye alikwambia. Usiniulize mimi nani angejua."

Hakuna aliyemkemea. Waombolezaji waliondoka na neno lile, likatembea. Akaambiwa aliyejaza ng'ombe kwenye zizi bovu. Akaambiwa aliyepandisha ghorofa juu ya msingi wa kibanda. Swichi mpya ilifika baada ya masika, na wanawake wa Ukange wakazaa kwenye mwanga. Yusta akazeeka akilisikia neno hilo vinywani mwa watoto wasiojua kuwa lilisemwa kwake. Hakuwahi kuwaeleza. Aliinamisha macho, akapita.

Basi mkilisema tena, lisemeni taratibu, maana lina maiti ndani yake: swichi ya jana haikati umeme wa leo.